Binti wa Nyuma ya Mlango wa Karatasi

Kila siku ilipokaribia saa kumi alasiri, Bi Sumi Arafune alitaka kuchanwa nywele. Alikuwa na miaka themanini na sita, na nywele zenyewe hazikujaza hata meno ya kitana, lakini alizitaka zilale vizuri na ukosi wa kimono yake ya pamba ukae sawa, kwa sababu binti yake alikuwa anakuja. Na aliyekuwa akimchana ni huyo huyo binti yake.

“Polepole, dada wa manispaa,” alisema. “Una mkono mzito kama wa mkata magogo. Mitsu akinikuta na kichwa chekundu atadhani nateswa humu ndani.”

“Samahani, Bi Sumi,” Mitsuho alijibu.

Alikuwa amejifunza kujibu hivyo. Majuma ya kwanza, aliporudi kutoka Tokyo kumtunza mama yake, alikuwa akibisha. Alisema Mama, ni mimi, nitazame vizuri. Na kila aliposema hivyo mzee aliingiwa na hofu, akasogea ukutani, akavua meno yake ya bandia na kuyaficha chini ya mto yasije yakaibiwa. Mwishowe Mitsuho akakubali yaishe. Kama mama yake alimwona mfanyakazi aliyetumwa na ofisi ya manispaa kuosha wazee, basi na awe huyo. Angalau mfanyakazi alishukuriwa. Jioni alipewa peremende iliyofungwa kwenye karatasi laini akaambiwa ampelekee mtoto wake, naye mtoto hana. Aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kuila jikoni peke yake.

Saa kumi kamili, kituo kidogo cha televisheni cha mkoa kilirudia katuni za zamani, na hapo ndipo binti alipokuja. Alikuja akielea, nywele rangi ya fedha, nyayo zisizogusa chini kamwe. Jina lake Orune, msichana wa sayari ya mbali aliyeanguka ndani ya pipa la muuza tofu, ile jibini ya soya, akamng'ang'ania mtoto wa duka, kijana mvivu aitwaye Heita, na kutangaza kwamba huyo ndiye mumewe, kwa sababu ndiye kiumbe wa kwanza aliyemwambia pole. Kila wiki Heita alijaribu kutoka na msichana mwingine. Kila wiki Orune aliwafuata, akawavurugia, akamwagia mtu supu kichwani. Na kila wiki, mambo yakiisha, alielea juu ya paa na kumwita Heita arudi nyumbani, kwa sauti nyembamba, tamu, iliyovutwa mpaka mwisho wa pumzi. Watoto wote wa Japani waliokuwa wakikimbilia televisheni miaka ile wanaijua sauti hiyo.

Sauti ilikuwa ya Mitsuho.

“Umekonda, Mitsu,” Bi Sumi aliiambia televisheni. “Huko hawakulishi?”

“Sili mpaka useme unanipenda!” Orune alimfokea Heita.

“Acha ukaidi. Kula kwanza, mambo ya wanaume baadaye.”

Mitsuho alibaki nyuma yake na kitana mkononi. Mara ya kwanza jambo hili lilipotokea alikimbilia bustanini akalia kwa furaha, kwamba akili ya mama yake ilipopukutika yote, sauti ya mtoto wake ilibaki imeshika mle ndani. Ya pili pia alilia. Kufikia ya kumi alianza kuliona jambo lenyewe lilivyo, kwamba mama yake alikuwa na binti, na binti huyo hakuwa yeye.

Tuseme ukweli kuhusu sauti aliyozaliwa nayo. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, sauti ya mtu aliyeamshwa sasa hivi na hajapenda. Shuleni, huku kwetu bondeni, wavulana walimwita Chura, na sisi wengine tulicheka, sisemi uongo. Alipotimiza miaka kumi na tisa aliondoka. Aliuza mikate asubuhi, akaigiza jioni katika kikundi cha maigizo ambacho watazamaji wake walikuwa wachache kuliko waigizaji. Alikuwa na miaka ishirini na saba alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya katuni moja, akitarajia kupewa sehemu ya shangazi au ya ng'ombe. Mwongozaji wa sauti alichoka siku ile, akampa karatasi isiyokuwa yake. Akamwambia: soma kama mtu ambaye hajawahi kusikia baridi.

Akafungua mdomo, na sauti ile ikatoka. Hakuisukuma. Ilipanda kutoka mahali asipopajua, ikapita kwake kama mgeni anayepita sebuleni kuelekea chumba alichokwisha kuandaliwa. Mwongozaji akavua miwani, akamuuliza ameitoa wapi. “Sijui,” alisema Mitsuho kwa sauti yake ya chura, nao wakacheka, wakidhani anatania.

Miaka kumi na tisa aliifanya kazi ile. Alisimama mbele ya maikrofoni na soksi miguuni, amevaa nguo zisizochakarika, akifunua kurasa bila kutoa hata mnong'ono. Barua zilikuja kwa magunia, zote za Orune. Wanaume waliompenda walimpenda kwenye simu, wakamwomba aseme kidogo kama yule, na wakiona uso wake mezani, mbele ya bakuli la tambi, walikumbuka wana shughuli mahali. Hakuolewa. Alijiambia hajali, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Alichojali ni mama yake. Bi Sumi alikuwa mwanamke wa haya kali. Mwaka ule wa kwanza alipiga simu Tokyo mara moja tu. “Mwanamke mzima,” alisema, “anapanda juu ya paa kumwita mwanamume aje nyumbani! Uso wangu niupeleke wapi?” Kisha akawatangazia watu wa bonde zima kwamba Mitsuho amepata kazi posta, anapanga barua. Hata siku ya mazishi ya baba yake, Mitsuho aliulizwa na waombolezaji kuhusu bei za stempu, na mama yake akamkazia macho mpaka akajibu. Tangu siku hiyo hakurudi kwa miaka kumi na mmoja. Na miaka yote hiyo alitaka kitu kimoja kutoka kwa mama yake, neno dogo tu, kabla mmoja wao hajafa: nilikusikia.

Lipo jambo jingine alilolikumbuka baadaye. Siku katuni ilipokwisha kulikuwa na karamu, na mwandishi aliyemchora Orune, mama mmoja mfupi mwenye wino usiotoka vidoleni, alikaa karibu naye. Mashabiki walikuwa wakiuliza kila mwaka, mbona Orune hana wazazi? “Nilijaribu kumchora mama yake mara tatu,” mwandishi alisema. “Mkono ulikataa. Nikafikiri, labda hana. Labda ndicho alichokuja kukitafuta huku, na mimi nikampa mwanamume kwa sababu gazeti la katuni lilitaka mapenzi.” Wakacheka, wakajaziana bia.

Sasa Mitsuho alikuwa na miaka hamsini na minane, na mwezi wa saba ulikuwa na joto la kuudhi. Bi Sumi akaacha kula. Alifunga mdomo, akaugeuzia ukuta uso. Supu ya miso ilipoa, tofu baridi ilitoa maji kwenye sahani, uji wa wali uligandamana. Siku ya tatu Mitsuho aliweka bakuli karibu na mto, akatoka, akafunga ule mlango wa chumba, wa mbao nyembamba zilizobandikwa karatasi, akapiga magoti upande wa pili. Hakuwa ameitumia sauti ile kwa miaka mingi. Akavuta pumzi.

“Mama,” alisema kwa sauti ya Orune, “kula basi kidogo. Kwa ajili yangu.”

Akasikiliza. Halafu kijiko kikagonga bakuli.

“Umekuja mapema leo, Mitsu,” alisema Bi Sumi, mdomo umejaa.

Ikawa desturi. Kila mlo Mitsuho alikaa nyuma ya mlango na kumsemesha mama yake, na mama yake akala mpaka mwisho. Uso hakuuonyesha, kwa maana mara moja alijisahau akachungulia, na bibi alikasirika kwamba dada wa manispaa anasikiliza mazungumzo ya watu.

Bi Tokuyo, jirani wa nyumba ya juu, mwanamke wa miaka sabini na tisa anayejua habari za kila kaya kuliko wenye kaya, alileta matango ya chumvi siku moja akamkuta amepiga magoti pale kwenye ushoroba.

“Unamdanganya mzee,” alinong'ona.

“Nimdanganye nini? Si mimi kweli?”

“Kama ni wewe, mbona umejificha?”

Mitsuho akapokea matango.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa nane, kama saa nne hivi, jua limeshachoma majani ya mboga. Mitsuho alikuwa uani akianika shuka. Kibanio kimoja kilikuwa mkononi na kingine amekibana kwa meno. Nyenje walikuwa wakipiga kelele mpaka masikio yanauma. Mara wakanyamaza, wote kwa pamoja, na katika ukimya ule akaisikia sauti ya Orune ikitoka chumbani.

“Ulikuwa na mti wa mpersimoni pale, Mama. Nilianguka nikavunja jino.”

“Ulilia, mpaka ukaniudhi,” alijibu Bi Sumi. “Lakini hukunitajia nani alikusukuma.”

“Sikusukumwa. Niliruka. Nilitaka kuona kama nitaelea.”

Mitsuho alisimama, kibanio kiko katikati ya meno yake. Televisheni ilikuwa imezimwa. Waya wake aliuchomoa mwenyewe usiku uliopita kwa kuogopa radi. Na ile habari ya kuruka kutoka kwenye mti hakupata kumwambia mtu yeyote duniani. Alitembea mpaka barazani, akavua kandambili, akausukuma mlango. Mama yake alikuwa peke yake ameketi wima, akitabasamu. Mbele yake palikuwa na mto wa kukalia, ule wa wageni, na katikati ya mto palikuwa pamebonyea. Polepole pamba ikajiinua yenyewe, ikawa sawa.

“Unaona sasa,” Bi Sumi alisema kwa uchungu. “Umemfukuza.”

Alijipa sababu, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Joto. Uchovu. Redio ya jirani. Lakini siku mbili baadaye alikuwa kwenye simu na zahanati, akiuliza kuhusu dawa ya presha, na katikati ya sentensi sauti yake ikakatika. Hakukohoa, koo halikumuuma. Alisukuma hewa, hewa ikatoka, maneno hayakuwamo. “Halo? Bi Arafune? Upo?” aliuliza muuguzi. Na kutoka chumba cha nyuma kikaja kicheko, kile kicheko chembamba cha kupanda kama ngazi ambacho kilimchukua Mitsuho majuma matatu kukipata vizuri mwaka ule wa kwanza. Kilipokwisha, sauti yake ilirudi kooni, ikamalizia swali la dawa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Basi akaelewa. Sauti ilikuwa moja, na wao walikuwa wawili.

Siku iliyofuata alikwenda kwa kunyata mpaka kwenye ushoroba akasikiliza. Mchana kweupe, saa nane, mwanga unawaka kwenye karatasi ya mlango. Aliona kivuli cha mama yake. Cha mwingine hakukiona.

“Huko kwenu kukoje?” Bi Sumi alikuwa akiuliza, kama mtu anayeuliza habari za mkoa wa jirani.

“Hakuna kitu, Mama. Ukiita, sauti inakwenda, hairudi. Nimeita muda mrefu.”

“Maskini mwanangu. Hapa ukiita nitaitika.”

“Kila mara?”

“Mimi nina kazi gani nyingine?”

Wivu ukampanda Mitsuho kifuani mpaka akaona giza. Yeye pia alikuwa ameita! Aliita kila wiki, miaka kumi na tisa, kutoka studio ya chini ya ardhi isiyo na dirisha, na mwanamke huyu hakuitika hata siku moja. Leo kiumbe kisicho na mama kimekuja kuahidiwa, bure, kile ambacho yeye alikinyimwa. Alitaka kupiga kelele. Koo lilikuwa tupu.

Aliibeba televisheni akaifungia ghalani chini ya magunia ya mpunga. Haikusaidia. Alibadilisha chumba cha mama yake, akamleta upande wa barabara kwenye kelele za pikipiki. Haikusaidia. Tena Bi Sumi alinawiri, mashavu yakajaa, akaanza hata kuimba kidogo asubuhi, na Bi Tokuyo akasema kwa mshangao kwamba hajamwona hivyo tangu mumewe alipofariki. Hilo ndilo lililomtesa Mitsuho zaidi. Angekuwa anadhurika, angejua la kufanya.

Mwishowe alipiga moyo konde. Alijiambia: sauti ni yangu, nimeifanyia kazi, nitamwonyesha mama inakotoka. Aliingia chumbani mchana, akaketi kwenye mto wa wageni, magoti yake yakigusana na ya mama yake.

“Dada wa manispaa, hapo pana mtu,” alisema Bi Sumi.

“Tazama mdomo wangu, Bi Sumi.”

Akavuta pumzi. Sauti ikaja siku hiyo, ikaja kwa wepesi, karibu kwa hamu. “Mama,” alisema kwa sauti ya Orune, “ni mimi. Ni Mitsu. Siku zote nilikuwa mimi.”

Kwanza bibi alitabasamu, maana aliisikia sauti. Kisha macho yake yakaanza kuitafuta. Yakapita ukutani, yakapita kwenye mlango, yakateremka, yakatua kwenye midomo ya mwanamke yule mwenye mvi aliyekaa mbele yake. Tabasamu likakauka.

“Umemfanya nini?”

“Mama, ni mimi—”

“Yumo ndani yako! Namsikia! Umemmeza!” Akamshika mashavu kwa vidole vyake vikavu, akajaribu kumpanua mdomo. “Mtoe! Mtoe mwanangu!”

Akaanguka ubavu, na hakuinuka.

Daktari Ogiso alikuja na kigari chake kidogo, akasikiliza moyo muda mrefu. Alikuwa kijana, hajazoea bado kusema maneno haya. “Moyo umechoka,” alisema. “Hospitali ni saa nzima barabarani, hatafika. Kama kuna ndugu wa kuitwa, waitwe.” Ndugu hawakuwako. Aliitwa Bi Tokuyo, akaja na aproni yake, akaweka mkono juu ya paji la uso la rafiki yake, akauondoa.

“Anaondoka,” alisema. “Mitsu, ukamwite.”

“Nimwite wapi?”

“Kisimani. Kwani mama yako hakukuambia? Alipokuwa anakata roho baba yake, yeye ndiye aliyeinama kisimani akamwita. Mtu anayeondoka hupita chini, na kisima kinafika kote chini. Lakini aite damu yake. Mimi nikiita atadhani nataka kuazima chumvi.”

Mitsuho alitoka mbio bila viatu. Watu wa siku hizi hawafanyi haya, na yeye mwenyewe, mtu wa Tokyo, jana yake angecheka. Bi Tokuyo alimfuata kwa shida, wakasaidiana kuondoa mbao zilizofunika kisima tangu bomba lilipofika. Baridi ikapanda ikawagusa nyuso. Kule chini kulikuwa na kisahani cha mwanga, na katika mwanga huo kichwa chake mwenyewe, kidogo, cheusi.

Mama yake alikuwa anakufa akimdhani mlaji wa watoto. Hilo tu ndilo alilolifikiria. Hakutaka tena neno lolote, alitaka muda wa kusema samahani.

“Mama!” aliita kwa sauti yake ya kweli, ile nzito. “Mama, rudi!”

Kisima hakikurudisha kitu. Mawe, maji, kina kirefu kile, na hakuna mwangwi hata wa kuvuta pumzi. Sauti ilikwenda tu.

“Tena,” alisema Bi Tokuyo nyuma yake. “Kwa nguvu.”

“Mama! Ni Mitsuho! Rudi!”

Hakuna. Nyenje walikuwa wamenyamaza. Akajaza mapafu mara ya tatu, akainama mpaka nywele zikaning'inia ndani ya kisima, akafungua mdomo wake wote, na hakuna kilichotoka. Akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hewa tupu.

Na nyuma yao, kutoka ndani ya nyumba, sauti nyembamba, tamu, ikaita: “Mamaaa! Njoo nyumbani, Mama!”

Ilivutwa mpaka mwisho wa pumzi, na ikazidi hapo, zaidi ya pumzi ya mtu.

“Hivyo ndivyo!” Bi Tokuyo alilia, akimpigapiga mgongo. “Umeita vizuri, mwanangu! Umeita kama ulivyokuwa ukiita zamani!” Mikono yake ilikuwa juu ya mgongo wa Mitsuho, mgongo wa mtu aliyeinama kisimani, na bado macho yake yaliyojaa machozi yalielekea nyumbani.

Ndani, Bi Sumi akaitika.

“Naam, mwanangu! Naja!”

Mitsuho alipofika kizingitini, Daktari Ogiso alikuwa ameshika mkono wa mgonjwa na mdomo wake uko wazi. Bi Sumi alikuwa ameketi. Macho yake yalikuwa safi, macho ya zamani kabisa, ya mwanamke aliyejua kila kitu kilipo ndani ya nyumba yake. Mitsuho alianguka magoti. Akangoja macho yale yamfikie. Yalimpita, yakaenda kutulia juu ya mto wa wageni, na mto ulikuwa umebonyea.

“Mitsu,” alisema Bi Sumi, “nimerudi ili nikuambie. Nilikusikia.”

Mitsuho akashika kizingiti.

“Kila wiki, jioni ya Jumatano. Baba yako alikuwa akienda kuoga, mimi nafungua televisheni, napunguza sauti mpaka inabaki uzi, halafu nalaza sikio juu yake. Ilikuwa ya moto. Sikukosa hata wiki moja. Wewe ukiita, mimi naitika, chini chini, nisisikiwe. Niliona haya mbele za watu. Haya ilikuwa yangu, haikuwa yako. Uliita vizuri sana. Nisamehe.”

Yote yalikuwa pale, zaidi ya alivyowahi kuthubutu kuyaota, na kila neno lilikuwa lake. Alifungua mdomo kujibu. Alitaka kusema kwamba hajui kama ameshasamehe, kwamba ampe siku moja, kwamba imemuuma sana. Alitaka kusema Mama. Ikatoka hewa.

“Nimekusamehe, Mama,” ilisema sauti kutoka juu ya mto. “Zamani sana.”

Bi Sumi akanyoosha mkono, akapapasa mahali palipokuwa na hewa, taratibu, namna ya kumpapasa mtoto nywele. Ndipo alipomwona yule mwanamke mwenye mvi mlangoni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akaweka mikono miwili juu ya mkeka, akainamisha kichwa.

“Dada wa manispaa, umetutunza vizuri. Nisamehe kwa maneno niliyokutupia, nilikuwa na homa. Sasa mwanangu amerudi, yeye ataniangalia. Nenda nyumbani kwako ukapumzike.”

Mitsuho alimtazama daktari. Daktari alikuwa akipanga vifaa vyake, akisema kwa furaha kwamba haijapata kutokea, na kwamba ni bahati kubwa binti yupo hapa. Alilisema hilo akiuangalia mto.

Hakubaki na la kufanya ila lile analolifanya mtu aliyeagwa. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akarudi nyuma kwa magoti, akausukuma mlango wa karatasi ukafungika. Mlangoni pa kutokea zilikuwapo jozi mbili za viatu vya kike. Alivaa vile vilivyokuwa vyake.

Bi Tokuyo alikuwa bado uani, akirudisha mbao za kisima moja moja, huku akifuta macho kwa aproni. Mitsuho alikwenda moja kwa moja mpaka mbele yake, akamshika mikono, akaitikisa. Alifungua mdomo. Walikuwa wamefahamiana tangu Mitsuho hajaota meno.

Ndani ya nyumba mtu akacheka, na mama akacheka naye.

“Sikiliza walivyofurahi,” Bi Tokuyo alisema. Aliitoa mikono yake taratibu, akarudi hatua moja, akamwinamia kwa adabu ile tunayowapa watu wasio wa hapa. “Asante kwa kazi yako, dada. Basi la mjini linapita saa kumi na moja, pale chini penye daraja.”